Gari Unalolidai

Shemeji,

Sote wazima, na paa halivuji tena. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilicheka.

Siku ya tatu ya msiba ulikuja na winchi, ukang'oa injini ya gari la mbio la marehemu mume wangu. Ukasema, "Hilo bodi fugieni kuku, shemeji." Mimi nilikuwa bado nalia.

Binti yangu alihangaika miaka miwili gereji, akapata injini ya pikapu iliyopinduka. Ikakataa kuingia. Akakata vishikio vya zamani vya injini, akachomelea vipya kwa mkono wake, akasogeza rejeta mbele. Wanaume wakamcheka. Jumamosi gari liliunguruma mpaka madirisha yakatetemeka. Mimi nimezaa fundi, shemeji. Wewe umezaa wasemaji.

Sasa eti gari ni la kaka yako na unakuja kulichukua. Njoo. Funguo mwanangu atakupa. Ila kwanza atang'oa injini yake, maana hiyo kaka yako hakuiacha. Halafu utalisukuma mwenyewe, na kilima cha hapa kwetu unakijua.

Ni mimi shemeji yako,
Mama Fundi