Kigari cha Gathogo kinachemsha

Jumanne, Kagio. Jua limewaka tangu asubuhi na hakuna hata wingu. Nimechoka, na ninaogopa.

Leo injini imechemsha tena. Kwa mnaosoma hapa mara ya kwanza: mume wangu Gathogo, fundi wa malori kule Mweiga, ana kigari cha rimoti. Si cha betri. Kina injini ya kweli inayotoshea kiganjani, inakunywa mafuta ya nitro na kupiga kelele kama msumeno wa kukata miti. Jumapili baada ya kanisa alikuwa akikiendesha uwanjani mpaka mafuta yaishe. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia umelala, na maneno yote yamekwisha.

Tumeshuka hapa kwa dada yake, Wangari, kwa sababu baridi ya Mweiga ilikuwa ikimkaza viungo. Nikimwita jina haniangalii. Nikimwonyesha picha za watoto haangalii. Lakini nikiwasha hicho kigari, anageuza kichwa.

Ni hicho tu. Hakuna kingine kinachomgeuza.

Kwa hiyo kila siku baada ya chai ya jioni namweka kwenye kiti nje ya mlango, navuta kamba, nawasha. Na tangu tufike Kagio mambo ni yale yale: mlio unapanda, unakuwa mwembamba, halafu injini inazima yenyewe. Nikidondosha tone la maji juu yake, linaruka na kukauka papo hapo. Gathogo ndiye aliyenifundisha: tone likiruka, zima, utaiua. Ikinoki, ikafa kabisa, sijui nitapata wapi nyingine, na hata nikiipata haitakuwa na huo mlio anaoujua.

Nimejaribu kila kitu. Nimebadilisha plagi. Nimebadilisha mipira ya mafuta nikidhani inavuta hewa. Nimetoboa bodi ya kigari ili upepo uingie. Juzi Wangari alinikuta nimeivalisha injini kipande cha soksi, kama Gathogo alivyokuwa akifanya asubuhi za baridi ya Mweiga ili ishike joto haraka. Mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya sweta, na mgonjwa nimemfunika blanketi mbili.

"Mama Shiru, hapa si Mweiga," akasema. "Ati unapika mtu, unapika na gari."

Nilicheka, halafu nikaenda kulia bafuni. Nilitoa soksi, nikatoa na blanketi. Gathogo akaacha kutokwa na jasho. Injini ikaendelea kuchemsha.

Kuna kitu kimoja sikukigusa, na nilijua sijakigusa. Ni skrubu ya kabureta, ile ya kuongeza na kupunguza mafuta. Aliifunga yeye mwenyewe, wiki ile ya mwisho ya uzima wake, akaitia alama kwa rangi ya kucha ya binti yetu Shiru ili mtu asiisogeze. Ndiyo kazi ya mwisho ambayo mkono wake wa kulia ulifanya. Afadhali niilaumu plagi.

Leo mlio ulipoanza kukonda aliinua mkono wa kushoto na kuutikisa. Amekuwa akifanya hivyo kila siku. Mimi nilidhani ananiambia nitoke mbele yake. Nimekuwa nikilala na wazo hilo, kwamba neno pekee alilobaki nalo kwangu ni "toka".

Wangari alikuwa ameketi karibu akichagua mchele. Akamtazama kwa muda.

"Kwani huyu anafungua mfereji gani?" akauliza.

Nikatazama vizuri. Vidole vilikuwa vimeshikana, vinazunguka kushoto, kushoto, kama vya mtu aliyeshika bisibisi. Hakuwa ananifukuza. Alikuwa ananiambia nifungue.

Skrubu ile aliifunga kwa hewa nyepesi ya kwetu juu. Huku chini hewa ni nzito, na injini inataka mafuta zaidi, la sivyo inaungua. Nadhani alisikia tangu siku ya kwanza.

Nilichukua bisibisi. Nilikosa skrubu mara mbili. Rangi ya kucha ikapasuka, alama ikapotea, na nikahisi kama ninamzika. Nilizungusha kidogo, nikasikiliza, nikazungusha tena. Moshi ukatoka nyuma, mlio ukashuka, ukanenepa. Tone la maji likakaa juu ya injini likichemka polepole.

Nilipomwangalia, mkono ulikuwa umerudi pajani.

Sijui kama nimechelewa. Kamba sasa inavutika kwa wepesi kuliko zamani, na hiyo ni dalili ya injini iliyolika ndani. Kuhusu yeye, daktari hasemi lolote la kushikilia. Siku zote hizi nimekuwa nikimlilia mtu ambaye alikuwa ananijibu.

Kesho nitamuuliza kama anataka chai au uji. Nitaangalia mkono.