Taa za Gari na Mimba ya Anastazia

Jumatatu, 2 Machi
Dawa ya meno, tambara, maji. Tena. Nimesugua taa ya kulia tangu nitoke shuleni mpaka kiganja kinawaka moto. Ikilowa inang'aa. Ikikauka inarudi vilevile, nyeupe kama jicho la samaki wa juzi. Anastazia amekaa kizingitini, miguu imevimba, anasema mtoto atazaliwa ananuka minti. Akacheka peke yake. Mimi sina hamu ya kucheka. Zimebaki wiki nne.

Jumanne, 3 Machi
Msasa wa maji. Bure. Ukungu uko ndani ya taa, si nje. Siku mbili nasugua upande usiohusika.

Mwaka juzi uchungu ulimshika usiku, Ufipa nzima imefunikwa na ukungu, na taa hizihizi zikimulika pua ya gari tu. Nilitambaa. Kutoka hapa kijijini mpaka hospitali mjini, tukafika kumekucha. Binti yetu alikuwa ameshafia tumboni. Tulichelewa. Safari hii lazima nione njia.

Jumatano, 4 Machi
Nimevua bampa. Nimetoa betri, maana ilizuia bolti ya taa ya kushoto. Vishikizo viwili vimekatika. Balbu nimezijaribu kwa betri jioni nzima mpaka betri ikafa. Kesho naipakia kwenye bodaboda, ikachajiwe mjini.

Alhamisi, 5 Machi
Kwenye video ya simu jamaa anatia taa ya gari kwenye oveni ili gundi ilainike, kioo kibanduke. Oveni sina. Nimechukua sufuria kubwa la jumuiya, la wali wa shughuli. Anastazia ndiye mtunza vyombo vyao. Mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Nikaweka taa zote mbili kwa mkupuo ili nisipoteze mkaa.

Mjinga mimi. Nilipofunua, vioo vyake vya plastiki vimekunjamana kama utando wa maziwa. Nimekaa chini palepale kwenye majivu. Anastazia hakunicheka. Hilo limeniuma zaidi.

Ijumaa, 6 Machi
Duka la vipuri la Mazwi, mjini, hawana taa mpya. Zitatoka Dar, kwa basi, labda Jumatano. Betri bado iko mjini kwenye chaji. Nimemwambia Anastazia avumilie, utadhani yeye ndiye anayepanga.

Jumamosi, 7 Machi
Uchungu. Kabla ya siku zake. Nimekimbilia barabarani kama kichaa. Kirikuu, kigari cha mizigo, iliyobeba magunia ya mahindi ikasimama, dereva akasema tu, "Mlete, mwalimu." Anastazia mbele, mimi juu ya magunia. Gari letu limebaki uani bila taa, bila betri.

Ilikuwa saa nane mchana. Jua kali, barabara inaonekana mpaka mwisho. Kwa taa zilezile mbovu ningempeleka mwenyewe.

Jumapili, 8 Machi
Mtoto wa kiume. Mdogo mno. Anapumua kwa shida.

Mama mkwe amefika kutoka Katandala. Nikamwamkia shikamoo nimeinamisha kichwa, sina uso wa kumtazama. Nesi akatuita ndani haraka. Mama mkwe akaomba maji kwenye kikombe. Wakatoliki hawamsubiri padri kubatiza, mtoto akiwa hivi. Mimi ni Mmoraviani wa Rungwe, nilisimama tu, mikono inaning'inia.

"Baba, jina," mama mkwe akasema.

Hatukuwa nalo. Tuliogopa kuchagua, baada ya yule wa kwanza. Nikataja la marehemu baba yangu, la kwetu Rungwe: Ambakisye. Nilidhani atauliza ni mtakatifu gani huyo. Hakuuliza. Akamimina maji, akalitaja vizuri kabisa, kwa ulimi wake wa Kifipa. Wiki nzima nimehangaika, na hilo neno moja ndilo pekee nililoombwa.

Jumatano, 11 Machi
Mvua. Ambakisye amekunywa maziwa ya mama yake, vijiko viwili. Nesi hasemi ndiyo, hasemi hapana. Mwenye duka amepiga simu kuhusu taa. Nikamwambia nitapita.

Anastazia ameniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Sijala. Wanaruhusu kuingia wodini saa kumi. Sasa hivi ni saa saba na nusu. Nimekaa kwenye benchi.