Mhadhara wa Mbwa Mwitu: Kwa Mama Yetu Burulkan

Mama, mwaka umezunguka, na theluji ya mji wetu wa Naryn inayeyuka tena kama ilivyokuwa ikiyeyuka wiki ile ulipotuacha. Asubuhi, ukungu ukipanda kutoka mtoni, bado tunadhani utatokea ndani yake na koti lako la kijivu, ukimwamkia punda wa jirani kabla hujatuamkia sisi.

"Mtu mzima anaamkia punda?" Baba alikuwa akikutania.

"Nimemkuta kaamka kabla yako," ulimjibu.

Miaka thelathini ulitibu mifugo ya watu. Ulipostaafu ulisema hujachoka na wanyama, umechoka na sindano. Ukaomba chumba cha maktaba, kila Alhamisi saa kumi jioni, utoe mhadhara wa bure kwa yeyote atakaye: binadamu na wanyama wameishije pamoja, na ni nani hasa kamfuga mwenzake. Siku ya kwanza walikuja watu watatu: Baba, mkutubi, na bibi kizee mmoja aliyefuata joto la jiko la kupashia chumba. Tulikusikitikia. Wewe ulicheka. "Paka naye alianza hivyohivyo, na sasa nyumba ni yake."

Majira ya pili ya baridi viti havikutosha. Sauti yako ilikuwa ya chini, watu wakainama kuisikia. Siku ya farasi uliwaomba wasimame, wafumbe macho, wapumue taratibu kama farasi anayelala wima. Chumba kizima, madereva, walimu, wajane, kikapumua pamoja huku theluji ikishuka dirishani. Hakuna aliyetaka kufumbua macho. Mwanao Aichurok mpaka leo hajui kama zilikuwa dakika tatu au saa nzima.

Halafu ikaja ile Alhamisi ya mbwa mwitu.

Mjomba Sadyrkul, mdogo wako, alikuwa na kondoo wake kule juu, milimani. Alfajiri ya Jumanne mbwa mwitu waliingia zizini wakaua majike ishirini na saba, wote wana mimba. Na tangazo la mhadhara wako wa mbwa mwitu lilikuwa limebandikwa mlangoni mwa maktaba tangu mwezi uliotangulia. Tulikusihi uahirishe. Ulisema watu wameshajiandaa, ukaenda.

Ulikuwa ukieleza jinsi mbwa mwitu jike anavyolisha watoto wake, maneno mazuri, matamu kusikiliza, mlango ulipofunguka. Mjomba akasimama pale, mabega meupe kwa theluji.

"Endelea, dada," alisema. "Na mimi nataka kujua mtoto wa mbwa mwitu analalaje. Wangu wamelala matumboni mwa mama zao. Hawataamka."

Akajipangusa theluji mabegani.

"Wewe unawapenda kwa mbali. Mimi nawajua kwa harufu." Akageuka, akaondoka.

Uliweka chaki mezani. Ukavaa koti, tukarudi nyumbani. Tulijua Mjomba alichokuwa akikusudia: alikwisha kupata kopo la sumu, na wachungaji wenzake watano walikuwa wamekubali kuitega kwenye mizoga. Wewe uliijua sumu ile kuliko sisi. Humuua mbwa mwitu, kisha mbwa wa mchungaji, kisha tai, kisha mbweha, na haijui kusimama.

Kesho yake ulimwambia Baba akupeleke. Tulitegemea ungekwenda kubishana. Badala yake ulivaa mabuti yako ya kazi, ukachukua kisu, ukapiga magoti kando ya ndugu yako, mkachuna ngozi. Siku mbili, bila kusemezana. Siku ya tatu Mjomba akasema, bila kukutazama, "Chai yako inapoa."

Ndipo ukamuuliza, "Sumu umeshaitega?"

"Bado."

"Nipe kiangazi kimoja."

"Na wakija?"

"Watanikuta."

"We dada una moyo mbovu, daktari kakukataza hata ngazi!"

"Kanikataza ngazi. Mlima hakuutaja."

Ulikaa malishoni miezi mitatu. Mliinua ukuta wa zizi, mkaongeza mbwa wawili, mkarudi kwenye desturi ya babu zenu ya kulala pembeni ya kondoo badala ya kuwaacha peke yao. Tulipokuja kukuona ulikuwa umeketi nyasini, umezungukwa na kondoo, wingu limewashukia hadi mgongoni, tusijue wapi linaishia wingu na wapi wanaanza kondoo. Mlipoteza wanne. Mjomba aliwalilia wanne wale kwa matusi mazito. Lakini mlipohamia bondeni, kopo la sumu alilirudisha kwa bwana mifugo, likiwa limefungwa.

Alhamisi ya kwanza ya vuli ulisimama mbele ya watu, ukasema: "Mhadhara wa mbwa mwitu niliukosea. Nilisema kweli, ila nilisahau kuanza na kondoo." Mjomba alikuwa kiti cha nyuma. Tangu hapo hakukosa akiwa mjini, na hakuacha kupaza sauti, "Si hivyo, dada!" Watu wengine, tunajua, walikuja kwa ajili ya hilo tu.

Ulituacha Jumatano alasiri, ukiwa umejilaza kidogo. Tulikuzika. Katika msiba ule hakuna aliyekumbuka kubandua tangazo la mhadhara wako maktabani, lililouliza kama kondoo humjua mtu. Wiki iliyofuata watu walikuja, mkutubi akawasha jiko. Mjomba akavua kofia yake, akaenda kusimama mezani pako.

"Mimi si msomi," alisema. "Kondoo wanamjua mtu. Dada alipokuja kwetu, wiki nzima walimkimbia. Wiki ya pili wakamfuata. Alipoondoka, siku tatu walisimama wanaiangalia njia. Mimi nilipita mbele yao, hata sikio hawakugeuza." Watu walicheka na kulia kwa pamoja. "Basi. Ninayoyajua ni hayo."

Mwanafunzi mmoja aliinua mkono. "Na sasa, wanajua kwamba hayupo?"

"Sijui, binti. Nitawaangalia, nije niwaambie."

Alirudi vuli, akasimama tena mbele yao. "Nimewaangalia kiangazi kizima," alisema. "Walikula majani tu. Lakini sijawahi kuwaangalia hivyo maishani mwangu."

Unakumbukwa na mumeo Temirbek, wanao Aichurok na Ulan, mkweo Nurjamal, mjukuu wako Ermek, na ndugu yako Sadyrkul, ambaye sasa ndiye mwenye Alhamisi.

Pumzika, Mama. Maadamu tunapumua, hutatutoka kinywani wala moyoni.