Mashine Haimjui Mama Yake Butoyi

Kibondo, Jumapili

Hamza mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi jekundu. Mimi mzima, kifua tu kinanibana kwa baridi ya asubuhi. Mama anaendeleaje na miguu yake? Wewe sikuulizi, nasikia unalala mpaka saa nne.

Ndiyo, mama kaniandikia. Nimeshtuka, Hamza! Umeacha chuo kikuu, umerudi Korogwe, eti mwaka mzima mnafundishwa hesabu na kuchora vijisanduku na mishale ubaoni, kompyuta yenyewe mnaigusa kwa zamu. Sasa unataka kozi ya miezi mitatu ya programu zinazotafutwa maofisini. Ningekuwa karibu ningekuvuta sikio. Lakini ngoja nikusimulie yaliyotokea hapa wiki hii.

Unajua kazi yangu ya ustawi wa jamii siku hizi ni kambini, kwa wakimbizi wa Burundi. Shirika moja lilileta kompyuta na kijana wa kuiendesha, Edwin. Mtanashati, mpole, ana cheti cha kozi hiyohiyo unayoililia. Akianza kuchapa, jamani, vidole huvioni! Watu wakapita mbele yake mmoja mmoja, akaandika majina yao mawili mawili. Programu aliyoijua ni ya kuorodhesha wafanyakazi wa kiwanda, basi akawapanga kwa jina la mwisho: wenye jina moja, familia moja.

Sasa, Warundi hawaendi kwa jina la ukoo. Kila mtoto hupewa lake, na Waha, wenyeji wa huku, ndivyo walivyo. Kuna mama mmoja, Daforoza, ana pacha wa kiume wa miaka sita, Bukuru na Butoyi. Kwao pacha wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, kila nyumba. Loo! Mashine ikawafanya akina Butoyi wote wa kambi familia moja, akina Bukuru nyingine, na kwa kuwa hakuandikwa mkubwa yeyote mwenye majina hayo, ikawa ni watoto wasio na wazazi.

Yakaja malori mawili ya kuwapeleka kwenye vituo vya yatima upande wa Kasulu. Majina yakaitwa. Akina mama waliokuwepo wakapiga mayowe, wakawanyakua watoto wao. Daforoza alikuwa zahanati na homa. Aliporudi alikuta jamvi tupu.

Bukuru tulimpata Kasulu kesho yake. Butoyi alipanda lori la pili, lililokuwa likishusha watoto njiani, na hatujamwona.

Nilimkimbilia Edwin. "Mtafute Butoyi wa Daforoza!"

Akabonyeza. Wakajaa akina Butoyi kioo kizima.

"Yupi wake?" nikamuuliza.

"Dada, hakuna mahali pa kuandika mama."

"Paongeze basi!"

"Sijui panaongezwaje. Nilifundishwa kuitumia tu."

Akaanza kulia, mtoto wa watu. Nilitaka kumzaba kofi, nikashindwa. Si mvivu yule, wala hana roho mbaya. Alijua pa kubonyeza, basi.

Ndipo nikakumbuka vijisanduku vyako. Kisanduku cha mama, mshale, kisanduku cha mtoto. Si ndicho mwalimu wako alichokuwa akikuchorea, wewe unapiga miayo? Na usivimbe kichwa, maana ukijua mishale yote ya dunia na usimuulize mtu kwao wanaitanaje, utayafanya hayahaya. Lakini angalau utajua pa kuanzia kurekebisha. Rudi chuoni, Hamza. Nakuomba, na ukikaidi nakuamuru.

Mpe mama pole ya miguu, mwambie maharage yake nimeyaweka, namtafuta wa kumpa aje nayo. Msalimie shangazi kwenye cherehani yake, na baba mkubwa akitoka msikitini mwambie atuombee dua, tunaihitaji.

Kila asubuhi Daforoza anakuja ofisini, kamshika Bukuru mkono hamwachi hata akienda chooni. Anauliza, "Mashine imesema?" Namwambia bado. Leo kaniuliza kama huyo aliyeifundisha mashine hakuzaliwa na mama.

Dada yako anayekupenda,
Zuhura