Shangazi wa Denise Alipozungumza Kwanza

Alhamisi. Theluji imeyeyuka nusu, parking ya ofisi ni tope tupu, lakini nimerudi nyumbani na furaha.

Leo tumezindua ule mchoro. Kampuni yetu ya bima hapa Saint Paul ilimwomba Denise, mchoraji Mdakota, mmoja wa wenyeji asilia wa huku, atuchoree ukuta wa mapokezi, iwe njia ya kupatana na watu walionyang'anywa ardhi hii. Mimi nilipewa kazi ya kumhudumia. Alichora wanawake wakivuna mpunga mwitu ziwani, nami nikawa nampelekea chai ya maziwa kutoka nyumbani. Tukawa marafiki.

Asubuhi aliniambia shangazi yake atazungumza kwanza, kwa Kidakota. Kwenye ratiba, wa kwanza alikuwa bosi wetu Greg, na shangazi hakuwekwa popote. Denise hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba shangazi asipozungumza, yeye hataweka jina lake kwenye ule ukuta.

Niliogopa. Greg ni mtu mwema, ila hotuba yake aliipenda.

Nikamfuata, nikamwambia, "Greg, hapa sisi ndio wageni. Mgeni hamkaribishi mwenye nyumba."

Greg akakunja karatasi zake, akaenda mwenyewe kusukuma kiti cha magurudumu cha shangazi hadi mbele.

Mama yule alizungumza polepole, akiwagusa wale wanawake wa ukutani mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyetafsiri. Hatukuambulia neno, lakini ukumbi wote ulitulia. Greg alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. Zamu yake ilipofika alisema asante tu, akaketi.

Baadaye nilimuuliza Denise shangazi alikuwa akisema nini. Akacheka huku machozi yakimtoka. "Amewasalimia bibi zake. Halafu amewagombeza kwamba wamechelewa sana kuingia humu ndani."

Niki-drive kurudi nyumbani Maple Grove nilikuwa bado namsikia shangazi.

Binti yangu Moraa anaelewa Ekegusii, lugha ya kwetu, ila hunijibu kwa Kiingereza, na siku hizi mimi ndiye ninayemfuata kwenye Kiingereza. Jioni nimemuuliza habari za shule kwa Ekegusii, nikangoja.

Akanijibu kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo, neno moja tu.

Kwa leo limenitosha.