Mke Wangu Anakula Mayai, na Mama Yuko Njiani

Ndugu Mshauri, nisaidie kabla treni ya mama haijafika. Mimi natunza kuku wa bwana mmoja hapa Ruiru, na nyuma ya nyumba nina sita wangu mwenyewe, nao ni wazima kwa sababu kazini nilijifunza kwamba kuku akila mahindi meupe peke yake macho huvimba na kukohoa huanza, basi wangu nawapa majani mabichi na dagaa hata siku ambazo sisi tunakula ugali na chumvi. Mke wangu Jentrix, tangu amzae Dalmas, alikuwa na kikohozi na majipu, moja likipona hapa lingine linaota kule, halafu mwezi huu nikaona amenawiri, nikamshukuru Mungu kanisani, kumbe nilipozoa majivu jalalani nikakuta maganda ya mayai! Kwetu Kakamega mwanamke hali kuku wala yai, na mama akijua atataka nimrudishe Jentrix kwao. Nilipomuuliza akanijibu, "Baba Dalmas, hao kuku uliwauliza mila yao kabla ya kuwapa dagaa?" Mama anafika Jumamosi. Nimkataze, nimfiche, au niungame? Mimi mwenyewe hula mawili kila asubuhi.
Absalom, Ruiru

Bwana Absalom,
Sentensi yako ya mwisho ungeiweka mwanzo, tungeokoa wino. Pole, najua mama ni mama. Lakini kuku akikohoa unatazama chakula chake. Mke akikohoa ulitazama nini? Umeona kwa macho yako kwamba mwili unaolishwa kitu kimoja tu hukosa nguvu ya kupigana na ugonjwa, uwe umevaa manyoya au kitambaa kichwani. Tena huyu ananyonyesha. Sisemi yai ni dawa. Kikohozi kikirudi, mpeleke hospitali Thika. Ila usimkataze, wala usimfiche kama mwizi. Maganda umeyaona wewe usiyeingia jikoni, mama atashindwa?

Jumamosi kaanga mayai matatu kwa mkono wako. La kwanza mpe Jentrix mbele ya mama, useme ni wewe umempa. Mama atapiga kelele. Mwache apige, kisha mwekee Dalmas mapajani aone uzito wake. La pili lako, moja linakutosha. La tatu liweke karibu na mama, usiseme neno. Amelea watoto miaka yote hiyo na hajawahi kulionja. Halafu toka nje ukawape kuku majani, na usirudi haraka.