Shoka la Kuhamia Lambwe

Baba mpendwa, nanyi nyote mliokusanyika uani baada ya ibada ya Sabato,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Washington, Amerika. Je, Mama bado husogeza kitanda kila mvua inyeshapo? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku hung'ata masikio. Okeyo, ndugu yangu, soma taratibu, wala usiruke panapokuhusu.

Nimearifiwa kwamba redio ilipotangaza kuwa katiba yetu ya uhuru itabadilishwa, Baba alisema, "Hata wino haujakauka!" Okeyo akajibu kwamba nguo isiyomtosha mtu hurudishwa kwa fundi. Tangu hapo hamsemezani, nami mwaniomba niamue.

Jumapili Mzee Walter, Mmarekani mweusi ninayefagia naye hoteli, alinipeleka kuiona katiba ya kwao. Imehifadhiwa ndani ya kioo, maandishi yamefifia. Watu walipita kimya kama walio kanisani. Nikanong'ona, "Baba yangu angefurahi. Hawaigusi."

"Hawaigusi?" Mzee akacheka hadi mlinzi akatukazia macho. "Kijana, nyanya yangu aliuzwa mnadani, karatasi hiyo hiyo ikiruhusu. Wangaliiacha ilivyokuwa, nami ningalikuwa na bei." Kisha akavua kofia, akainamisha kichwa mbele ya karatasi hiyo.

Nikakumbuka tulivyohama Kisegi. Babu alitangulia na jogoo, wewe Baba ukashika shoka, Nyanya akabeba makaa ya jiko la zamani katika kigae. Nilifuata nyuma nikinusa moshi. Nyumba ilikuwa mpya. Moto ulikuwa uleule.

Baba, najua boma jipya mtakalohamia Lambwe linaningoja, kwa kuwa shoka ni la mzaliwa wa kwanza, nawe waogopa chira, laana ya mwenye kukiuka desturi. Lakini masomo yangu hayajafika ukingoni, na paa linamvujia Mama. Shoka hilo nimelitamani tangu utotoni. Leo, mbele ya wazee, namkabidhi Okeyo kwa hiari yangu. Moto utoke jikoni mwetu, huo msiubadilishe.

Kuhusu katiba ya taifa, bishaneni njiani. Lambwe si karibu, na jogoo wa Baba na shoka la Okeyo lazima viandamane.

Mnisalimie Shangazi auzaye samaki sokoni Rodi Kopany, na mchungaji aliyenibatiza. Mkishawasha moto, niandikieni kama moshi wake unanukia vilevile.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Ouma